Muhogo Uliokwenda Kusoma Ibadan

Kujifunza kilimo ugenini: sehemu ya pili

Wiki iliyopita nilieleza jinsi babu zetu Walugbara walivyovuka Naili kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, wakarudi na baiskeli, mablanketi na maarifa ya shamba ambayo hakuna chuo kilichowapa cheti chake. Wasomaji wameniuliza: basi kijana wa leo, anayepanda ndege kwenda Israeli, Japani au Costa Rica kusomea kilimo, arudi na nini? Nitajibu kwa kuanza na chakula chetu cha kila siku.

Hapa Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, kiangazi kikishika kasi mwezi Januari miamba hugeuka myeupe kwa makopa. Muhogo mchungu humenywa, hulundikwa na kufunikwa hadi uote ukungu, kisha hukwanguliwa kwa kisu, huvunjwavunjwa na kuanikwa juani. Ukipita karibu, harufu yake ya uchachu inakufuata njia nzima. Unga wake ukichanganywa na wa mtama au wimbi ndio unaotupa enyasa, ugali wetu wa rangi ya udongo. Nyumba isiyo na enyasa kwetu huhesabiwa kuwa haijala, hata kama wamekula wali.

Walio na umri wangu wanakumbuka jinsi muhogo huo ulivyotaka kutuponyoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato ulizuka kwa ukali mpya katikati ya Uganda, na katika miaka ya 1990 ukasambaa wilaya baada ya wilaya. Majani yalijikunja, yakapata mabaka ya njano, shina likadumaa, na ukichimba ulikuta mizizi minene kama kidole. Virusi vyake hubebwa na nzi weupe, wadogo kiasi kwamba huwaoni mpaka utikise jani. Lakini vilibebwa pia na ukarimu wetu: jirani akimgawia mwenzake pingili za kupanda, alimgawia na ugonjwa.

Mbegu zilizotuokoa zilitoka kituo cha utafiti cha Namulonge, ambako mpango wa taifa wa muhogo uliongozwa na Dk. George William Otim-Nape. Mojawapo iliitwa NASE 3, na wakulima wengi wanaijua kwa jina la Migyera. Tuliipokea kama mbegu ya serikali, tukapanda, tukala. Wachache waliuliza ilikotoka, na mimi nimechelewa kuuliza kuliko inavyonipasa.

Ilitoka Ibadan, Nigeria, kwenye taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoanzishwa mwaka 1967. Huko iliitwa TMS 30572. Lakini ukoo wake haukuanzia Ibadan. Nyumbani kwa wahenga wake ni Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanzania. Katika miaka ya 1930 watafiti wawili wa kituo cha Amani, Storey na Nichols, walikuwa wakihangaika na batobato hiyohiyo. Wakachukua muhogo wakauchanganya na binamu yake kutoka Brazili, mti wa mpira wa Ceará. Watu wa Tanga wanaujua: hupandwa kwa kivuli, majani yake huliwa kama kisamvu, na utomvu wake mweupe ndio uliofanya uitwe mpira. Mti huo ulistahimili ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Basi watoto waliozaliwa walirudishwa kuchanganywa na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi mzizi ukarudi kuwa wa chakula na ukinzani ukabaki. Katika miaka ya 1950 mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria. Ibadan ikajenga juu yake, na miongo minne baadaye uzao wake ukarudi Afrika Mashariki kutuokoa.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa kwanza aliyefanikiwa ugenini ni muhogo. Uliondoka na tatizo la nyumbani, si na hamu ya kuona mji. Ulikubali kuchanganyika na wengine huko ulikofikia. Na uliporudi haukupewa shamba kwa sababu ya jina la ulikosomea. Ulipandwa kwanza kwenye mashamba ya majaribio ya wakulima, wakautazama, wakauchimba, wakauonja.

Sasa nimgeukie mtoto wa dada yangu. Aliomaliza nao chuo walipata nafasi ya kwenda kusini mwa Israeli kwa miezi kumi na moja, kwenye bonde la Arava, naye akaenda nao. Siku nyingi za juma walikuwa shambani na kwenye mabanda ya kupanga pilipili hoho, siku moja darasani. Aliporudi, jambo la kwanza alilotaka ni mkopo wa kununua mipira ya umwagiliaji wa matone. Sikumlaumu. Teknolojia hiyo ni ya ajabu: mhandisi Simcha Blass aliikuza, na kiwanda chake cha kwanza kikaanza mwaka 1965 kwenye kibutzi (kijiji cha ushirika) ya Hatzerim, jangwani. Kila mmea hupewa maji yake mlangoni, tone kwa tone, na mbolea ndani yake.

Tulikwenda tukasimama kwenye shamba la mama yake, nikamwuliza: "Arava hunyesha milimita ngapi kwa mwaka?"

"Haifiki hamsini, mjomba."

"Na hapa?"

Alinyamaza, kisha akacheka kidogo. Arua hupata takriban milimita 1,400. Shida yetu si uhaba wa mvua. Ni kwamba inakuja karibu yote kati ya Machi na Novemba, inabeba udongo wa juu kuupeleka mtoni, halafu miezi mitatu karibu inakatika. Mipira ya matone ingemfaa mtu wa nyanya na sukuma wiki wakati wa kiangazi, karibu na kijito. Kwa muhogo wa mama yake ingekuwa deni tupu.

Lakini kijana huyu alikuwa ameleta kitu kingine ambacho mwenyewe hakukihesabu kuwa mali. Kwenye lile shamba la ugenini kila mstari ulikuwa na namba, na kila jioni msimamizi aliandika: umemwagiliwa saa ngapi, umepuliziwa nini, umetoa makreti mangapi. Mpwa wangu alinunua daftari la kurasa mia hapa mjini akaugawa muhogo wa mama yake kwa mistari. Nimelishika daftari hilo. Mstari wa nne, ameandika kwa kalamu nyekundu: pingili za ncha, nyingi zimekauka. Mstari wa tano: pingili za katikati ya shina, zimeshika karibu zote. Dada yangu amelima muhogo maisha yake yote na alijua ncha ni dhaifu. Sasa anaweza kumwonyesha jirani kwa ukurasa, na jirani haanzi ubishi.

Lazima niseme na upande wa pili, maana wazazi wanauza mbuzi na ardhi ili watoto waende. Ziko safari za mafunzo ambazo mafunzo ni jina tu, kijana anageuzwa kibarua wa bei nafuu. Kabla ya kusaini, ulizeni saa za darasa ni ngapi kwa wiki, nani atashika pasi ya kusafiria, mshahara unakatwa nini, na mtoto akiugua nani atamlipia hospitali. Na ulizeni kuhusu usalama. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika mashambulio ya tarehe 7 Oktoba 2023. Walikwenda kutafuta maarifa ya kulisha watu wao. Nawaombea, na nawaombea waliowalea.

Elimu ya ugenini haihitaji viza siku zote. Vita vilipoingia mkoa wetu wa West Nile mwishoni mwa 1980, na baada ya mauaji ya tarehe 24 Juni 1981 hapahapa Ombaci, kwenye misheni walikokimbilia watu, maelfu yetu tulivuka kwenda Zaire na Sudan. Kwenye makazi ya wakimbizi kuzunguka Yei watu walilima udongo wasioujua, kwa mbegu za wenyeji, wakijifunza kwa majirani wa huko lini mvua huaminika. Leo zamu imegeuka. Wasudani Kusini wako Rhino Camp na Imvepi, Wakongo wako Lobule wilayani Koboko, wengi wakilima vipande vya mita 30 kwa 30. Mtu anayepata mboga ya familia nzima kwenye kipande hicho ni mwalimu. Mwanafunzi wa kilimo asiyefika Lobule, safari ya asubuhi moja, sioni kwa nini aharakie Tokyo.

Hata utaratibu wa shamba darasa, tunaoudhani ni wetu, ulianza Indonesia mwaka 1989, pale wakulima wa mpunga walipoanza kukutana shambani kila juma, wakihesabu wadudu na kubishana kabla ya kupuliza dawa. Ubishi huo ndio mafunzo yenyewe. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipothibitishwa Uganda mwaka 2017, wakulima wa mahindi wa Mexico na Brazili walikuwa wameishi nao vizazi kwa vizazi. Alama ya Y iliyopinduka kwenye paji la uso, madoa manne kama pembe za mraba karibu na mkia: wao walikuwa wanaijua zamani. Aliyekuwa na rafiki huko wa kumpigia picha na kumuuliza alitangulia wiki nzima mbele ya aliyengoja bwana shamba.

Mpwa wangu ana rafiki wa namna hiyo, Mvietinamu waliyelala naye chumba kimoja Arava. Batobato haikuwahi kuwapo kwao; ilionekana Kamboja mwaka 2015, ikaingia Vietinamu mwaka 2017, na wataalamu wa huko nao wamegeukia mbegu zenye damu ya Ibadan. Mwezi uliopita rafiki huyo alituma picha ya jani kwa WhatsApp, akiuliza ni upungufu wa mbolea au ni kitu gani. Kijana akampelekea mama yake simu jikoni.

Dada yangu alifuta mikono ya unga kwenye kitenge, akaishika simu mbali kidogo na macho, akalitazama jani lile lililojikunja, njano na kijani, kama mtu anayemtambua mgeni mbaya aliyewahi kulala kwake.

"Mwambie asikate pingili kwenye shina hilo," alisema. "Aling'oe leo. Na jirani yake akiomba mbegu, amwambie ukweli."

Kijana akaandika yote kwa Kiingereza, akatuma.