Matanga ya Bibi katika sikukuu ya Palermo



Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya Italia, maana siku hizi karibu kila familia ina mtu huko au ina mtu aliyepitia huko. Habari zinazofika kambini ni za aina mbili tu: mashua zilizozama, na picha za watu waliovaa miwani ya jua mbele ya kanisa. Katikati ya hizo mbili kuna maisha, na ndiyo nitakayosimulia.

Mimi niliishi hapo kambini miaka 11 kabla ya kupelekwa Ubelgiji. Julai 2024 nilikwenda Palermo, kisiwani Sicilia, kumtafuta mama mdogo. Bibi yetu alikuwa amefariki kambini mwezi wa pili, na mama mdogo, mtoto wake wa mwisho, alipata habari kwa ujumbe wa simu tu. Hakujibu. Wajomba walikasirika sana: miaka minne hatumi kitu, hapigi, sasa hata mama yake halii? Mjomba mkubwa akaniambia, "Wewe uko karibu. Nenda ukamwone kwa macho. Kama ametusahau, aseme mwenyewe."

Kwanza nieleze jambo moja, kwa sababu vijana hudhani ukifika nchi moja ya Ulaya umefika zote. Sivyo. Mkimbizi aliyekubaliwa katika nchi mojawapo ya Schengen anapewa hati ya kusafiria ya Mkataba wa 1951. Akiwa nayo pamoja na kibali chake cha kuishi, anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 katika kila siku 180. Ni kutembea tu, si kuhamia wala kufanya kazi.

Nilipanda basi mpaka Milano, nikalala kwa binamu yangu. Yeye ndiye aliyenionya kwamba tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo unapigwa faini hata kama umelipa. Kesho yake nikachukua treni ya kwenda kusini, usiku kucha na mchana juu yake. Kuna kitu pale ambacho watoto wangu hawakuniamini. Treni ikifika baharini inakatwa vipande, mabehewa yanaingizwa ndani ya meli na abiria wakiwa ndani, inavuka mlango wa bahari wa Messina, ng'ambo inaunganishwa tena na kuendelea. Upana wa maji pale penye wembamba ni kama kilometa tatu tu. Sisi tuliovuka Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi, jamani, tunaweza kukaa tukicheka.

Mama mdogo alinipokea stesheni. Amekonda. Anatunza bibi mmoja mzee wa Kiitalia, na analala humo humo nyumbani. Kazi hiyo wanafanya wanawake wengi wa kigeni Italia. Nafasi yake ni Alhamisi mchana na Jumapili. Basi tukasema, Jumapili tutamlilia Bibi.

Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 14 Julai, na mji mzima ulikuwa barabarani. Ni sikukuu ya Santa Rosalia. Mwaka 1624 Palermo ilipigwa na tauni, watu wakafa ovyo. Mifupa ya binti huyo, aliyeishi pangoni karne nyingi nyuma, ilipatikana katika mlima Pellegrino. Mwaka uliofuata waliibeba mitaani, na wenyeji wanaamini ndiyo iliyofukuza ugonjwa. Mwaka 2024 walihesabu sikukuu ya 400. Gari kubwa lenye sanamu yake linavutwa kutoka kanisa kuu kushuka mpaka baharini. Njiani meya anapanda juu yake na kupaza sauti kumshangilia mtakatifu na mji, na watu wanaitikia kwa kishindo. Watu wanakula konokono wadogo waliopikwa kwa kitunguu saumu (mimi hapana), matikiti maji, na mahindi ya kuchemsha kama yale ya sokoni kwetu. Niliona pia Watamili kutoka Sri Lanka, waliokimbia vita yao. Wengi wao ni Wahindu, lakini wanapanda mlima ule kumwomba Rosalia. Na mji huo una mtakatifu mwingine mweusi, Benedetto, aliyefariki mwaka 1589. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Alikuwa mpishi wa watawa.

Lakini tulikuwa na matanga. Mchana ule watoto na wajukuu wa yule bibi mzee walikuwa wamerudi. Wawili wanaishi Torino, kaskazini, ambako watu wengi wa kusini walikwenda kutafuta kazi za viwandani. Kiangazi wanarudi kwa mama. Walikaa mezani tangu saa saba mpaka saa kumi na moja, na hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya bibi. Alipoambiwa nimekuja kwa ajili gani, aliagiza niletewe kiti. Akauliza jina la Bibi yetu, akajaribu kulitamka mara tatu, kisha akawasha mshumaa karibu na picha ya marehemu mume wake. Mama mdogo ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama tunavyolia sisi, na wale Waitalia wakanyamaza wote.

Jioni, jikoni, aliniambia mengine. Mwaka 2020, wakati wa korona, aliyekuwa akimtunza alikufa, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo pamoja na mahali pa kulala. Akalala kwa marafiki, akakopa. Deni lile alikuwa bado analipa. "Ningepiga simu niseme nini? Kila simu inaanza na shida ya ada. Nikiwa sina, naona aibu, nazima." Sisemi alifanya vema. Bibi alikufa akiuliza habari zake, na hilo nilimwambia. Ila na sisi tujiulize, mara ngapi tumempigia mtu wa Ulaya kumwuliza tu ameamkaje?

Usiku tukashuka baharini, tukampigia mjomba. Kambini ilikuwa saa saba usiku, lakini alikuwa macho akingoja. Mama mdogo alisema "Kaka, nisamehe," akaendelea kueleza, na mjomba akawa anaguna tu. Mara fataki zikaanza kulipuka juu ya maji. Mama mdogo akachuchumaa akishika kichwa. Mjomba kule akapiga kelele, "Hizo ni bunduki? Mko wapi? Tokeni hapo!"

"Ni sikukuu, Kaka. Wanachezea moto tu."

Alikaa kimya kidogo. Akamwambia kaburi la Bibi limejengewa vizuri, mvua haikulibomoa. Kisha akauliza atapiga tena lini.

"Alhamisi," mama mdogo akasema. "Alhamisi mchana ndipo napata nafasi."