Mwenda kwa Miguu, Dereva na Mita 13

Mtu akigongwa kwenye barabara ya mtaani, mabishano yanayofuata huwa yaleyale. Wenye magari wanasema watu wanavuka popote huku wameinamia simu. Wanaotembea wanasema madereva hawana utu. Mwishowe mzee mmoja anatamka kwamba ajali haina kinga, watu wanaitikia, marehemu anazikwa, na zebra iliyofutika rangi inabaki vilevile. Kauli hiyo inafariji wafiwa, lakini nyingi ya ajali hizi zina kinga, na kinga yenyewe inaweza kupigiwa hesabu.

Tuanze na mwendo. Dereva akiona mtoto amechomoza mbele yake, mguu haufiki kwenye breki papo hapo. Jicho lione, akili iamue, mguu uhame kutoka kwenye mafuta: tuseme sekunde moja, kwa dereva aliye makini. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 ndani ya sekunde hiyo, breki haijaguswa. Kisha, lami ikiwa kavu na breki ikiwa nzima, linahitaji kama mita 14 nyingine ndipo lisimame. Jumla mita 28. Kwa kilomita 30, sekunde ileile inakula mita 8 na kitu, na breki inamaliza kazi ndani ya mita 5 hivi. Jumla mita 13.

Sasa mweke mtoto mita 13 na ushee mbele ya magari hayo mawili. La kilomita 30 linasimama bila kumgusa. La kilomita 50 linamfikia likiwa na kasi yake yote, kwa sababu dereva ndiyo kwanza anafikisha mguu kwenye breki. Na dereva huyo hajavunja kikomo cha mwendo: Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Anayekimbia kilomita 80 usiku barabara ikiwa tupu anahitaji mita 57 hivi. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka kikomo kiwe kilomita 30 pale watu na magari wanapochangamana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa akitembea kwa miguu.

Zebra nayo ina hatari yake ambayo wengi hawaifikirii. Daladala imesimama upande wa kushoto kabla ya michirizi. Mama aliyemshika mwanawe mkono anaanza kuvuka, dereva anampungia apite. Nyuma kuna bodaboda ana abiria mwenye haraka. Anatoka kulia na kuipita daladala. Mama hamwoni kwa sababu basi limemziba, naye bodaboda hamwoni mama kwa sababu hiyohiyo. Wanaonana wakati hakuna tena nafasi ya kukwepa. Mama alifuata sheria, na dereva wa daladala alifanya ustaarabu. Kosa lote ni la yule aliyedhani gari lililosimama kwenye zebra limesimama bila sababu. Ningetamani somo hili moja lipewe siku nzima katika kila chuo cha udereva: gari lililosimama kwenye zebra halipitwi, hata kama huoni mtu.

Wanaotembea nao wana wajibu, na sitaki kuufunika. Kuvuka katikati ya mabasi mawili yaliyosimama kituoni, au kutembea barabarani usiku na nguo nyeusi ukilipa gari mgongo, ni kujiweka pabaya. Watoto wetu wanafundishwa shuleni watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na watu wazima tumeshasahau. Lakini mtoto wa miaka saba ni mfupi kuliko boneti ya malori mengi na bado hajajua kukadiria kasi ya gari. Ukimfundisha mwaka mzima, siku moja bado atakimbilia mpira. Kosa la mtoto halistahili adhabu ya kifo, na mwenye chombo cha tani moja na nusu ndiye mwenye uwezo wa kulifuta. Kwa hiyo mzigo mkubwa ni wake.

Nasema hivyo nikijua dereva naye ana anayemsukuma. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya siku na tajiri; foleni ikimla saa mbili, atazifidia kwa kukimbia mbele ya shule. Trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anasaidia, na faini ya shilingi 30,000 inauma, lakini madereva wanaonyeshana taa, wanapunguza mwendo, na baada ya mita mia tano wamerudi kulekule. Tuta la saruji haliwezi kuonyeshewa taa. Lipo saa sita usiku, lipo na siku ya sikukuu.

Hapo ndipo barabara yenyewe inapoingia kwenye lawama. Katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, vituo vya mabasi ya mwendokasi vilivyoanza kutumika mwaka 2016 vipo katikati ya barabara, hivyo kila abiria hana budi kukatiza njia za magari. Penye daraja la juu, tunawashutumu wanaopita chini kwamba ni wavivu. Baadhi ni wavivu kweli. Wengine ni bibi mwenye magoti mabovu, au mwenye ndoo ya samaki kichwani, na ngazi zile hazikujengwa kwa ajili yao. Na njia ya miguu ikishajaa magari yaliyoegeshwa, mtu atapita wapi kama si kwenye lami?

Dawa si ngeni. Shirika la Amend limezunguka kwenye shule za msingi za Dar es Salaam likiweka matuta, zebra, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari, na pengine kuhamisha geti la shule litokee mtaa mtulivu. Mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Vitu vyenyewe ni saruji, rangi na nguzo, ambavyo mafundi wetu wanavijua vyema.

Kwa hiyo, mwenye daladala, kaa na dereva wako mpange hesabu inayolipika bila kukimbia. Nanyi wasomaji, tafuteni ofisi ya wilaya yenu ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mpeleke barua iliyopigwa mhuri wa serikali ya mtaa, mkiomba matuta na zebra mbele ya shule. Diwani akija kuomba kura, mwulizeni hadharani vitawekwa lini, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.