Nyumba ya Watoto
Mtoto hufunzwa nini kabla ya kwenda shule?

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo walivyosema wazee. Wazazi wengi waiitikia methali hiyo kwa kinywa, lakini kwa matendo wangoja mtoto afike miaka 6, wampe kalamu na daftari, kisha wamwambie mwalimu: «Huyu ni wako sasa, mfunze.» Kumbe samaki amekwisha kukauka juani. Katika miaka ile 6 ya kwanza mtoto alijifunza kusema, kutembea, kupenda, kuogopa, pengine na kudanganya. Nani alimfunza?

Wazazi wapendwa, nanyi vijana mnaolea wadogo zenu, leo twataka kuwasimulia mambo yaliyotukia mjini Roma mwaka 1907. Hayakutukia katika majumba ya matajiri, bali katika mtaa wa maskini. Kwa hiyo yatuhusu sisi.

Mtaa wa San Lorenzo

Mwishoni mwa karne ya 19, mji wa Roma ulijengwa kwa haraka. Katika mtaa wa San Lorenzo zilisimamishwa nyumba kubwa za kupangisha. Halafu fedha zikakosekana, na nyumba zile zikajaa watu fukara. Baadaye shirika moja lilizinunua, likazitengeneza, likawapangishia wafanya kazi. Lakini shida moja ilibaki. Asubuhi baba na mama walikwenda kazini, watoto wakubwa walikwenda shule, na wale wa miaka 3 hadi 6 waliachwa bila mlinzi. Walipanda na kushuka ngazi mchana kutwa, wakichafua kuta zilizokwisha kupakwa rangi. Wenye nyumba waliona hasara, wakataka watoto wale wakusanywe katika chumba kimoja. Wakamwita Maria Montessori.

Mama huyo alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache mno. Kazi yake ilimpeleka kwa watoto wenye akili dhaifu. Alisoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, akawapa watoto wale vitu vya kushika, kupanga na kupapasa. Baadhi yao walijua kusoma na kuandika, hata wakafaulu mtihani pamoja na watoto wazima. Watu walimshangilia. Yeye akajiuliza swali jingine: ikiwa hawa wadhaifu wameweza, basi ni kitu gani kinachowarudisha nyuma wale wenye afya?

Tarehe 6 Januari 1907, siku ambapo Mama Kanisa akumbuka Mamajusi waliomwendea Mtoto Yesu, chumba kile kilifunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Walikuja watoto wapatao 50, waoga, wengine wakilia. Mlinzi wao alikuwa mwanamke wa kawaida, asiyesomea ualimu.

Mambo yaliyoonekana

Siku moja mtoto wa kike wa miaka 3 hivi alikuwa akitia vipande vya mti katika matundu yake, kila kipande na tundu lake. Alipomaliza, alivitoa akaanza tena. Montessori aliwaambia wenzake waimbe na kumzunguka, mtoto hakugeuka. Alikiinua kiti chake pamoja naye, akakiweka juu ya meza. Mtoto alivishika vipande vyake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, uso wake ukiwa na furaha kama wa mtu aliyeamka usingizini. Nasi tumezoea kusema kwamba watoto wadogo hawawezi kutulia!

Siku nyingine mama yule aliwaonyesha namna ya kupenga pua kwa kitambaa, polepole, bila kelele. Alipomaliza, watoto walimpigia makofi. Kwa nini? Kwa sababu tangu kuzaliwa walikuwa wakigombezwa na kuaibishwa kwa ajili ya pua chafu, wala hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwa heshima jinsi ya kuisafisha. Tuyafikiri hayo kila tunapomwita mtoto mchafu.

Halafu zikaja herufi. Zilikatwa katika karatasi ya msasa, zikabandikwa juu ya vibao. Mtoto alipitisha vidole juu yake kana kwamba aandika, akitamka sauti ya herufi. Hakulazimishwa kuandika. Lakini siku moja, juu ya paa la nyumba ile, mtoto wa miaka 5 aliyepewa chaki achore bomba la moshi aliandika neno zima, akapiga kelele kwa furaha kwamba ajua kuandika. Wenzake wakachukua chaki, nao wakaandika. Mkono ulikuwa umejifunza kabla mtoto mwenyewe hajatambua.

Uhuru si ukorofi

Wako waliosema kwamba njia hiyo yaharibu watoto, kwa kuwa yawapa uhuru. Ni vema tuelewe. Katika Nyumba ya Watoto, mtoto alikuwa na ruhusa ya kuchagua kazi na kuifanya kwa kadiri apendavyo. Hakuwa na ruhusa ya kumsumbua mwenziwe, wala ya kuharibu chombo, wala ya kuacha kazi yake bila kuirudisha mahali pake. Uhuru usio na kazi ni utoro. Na utii utokanao na fimbo peke yake hukoma mara fimbo iondokapo. Mtoto aliyezoea kujitawala katika mambo madogo atajitawala katika makubwa.

Kanisa nalo halikukaa mbali. Tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko kubwa la nchi liliuangamiza mji wa Messina. Yatima walipelekwa Roma kwa Masista Wafransiskani Wamisionari wa Maria, na huko ikafunguliwa Nyumba ya Watoto. Watoto waliokuwa kimya kwa hofu walianza kidogo kidogo kupanga meza, kutunza maua, na kucheka. Na tangu mwaka 1954, huko huko Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi waliifuata njia hiyo katika kufundisha dini: mtoto ashika sanamu ndogo za Mchungaji Mwema na kondoo wake, atazama, asikiliza, asali.

Nyumbani kwetu

Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imeanza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Lakini shule ya maternele, ya watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa jamaa nyingi iko mbali au yahitaji fedha. Basi mdogo huachwa kwa dada yake, naye dada huacha masomo ili ambebe mgongoni. Hapo watoto wawili wapotea kwa mara moja! Baba wa jamaa, usiseme kwamba jambo hilo ni la wanawake.

Wazazi wafanye nini? Mpeni mtoto kazi ya kweli, yenye kipimo chake: ufagio mfupi, kibuyu kidogo cha kumimina maji, bakuli la maharagwe yaliyochanganyika na mahindi ayatenge. Mwonyesheni mara moja, polepole, kwa maneno machache; kisha ondoeni mikono yenu. Akimwaga maji, mpeni kitambaa apanguse. Chombo chake kiwe na mahali pake pa chini anapopafikia. Herufi aweza kuzifuata kwa kidole katika mchanga laini. Jioni afanye ishara ya msalaba bila haraka, mkono wake ukiongozwa na mkono wenu.

Tena, jumuiya za Kikristu zitazame vyumba vya parokia vilivyo vitupu siku za kazi. Akina mama watano wakipeana zamu, mabinti watano warudi darasani.

Mwisho tukumbuke sheria iliyobandikwa ukutani San Lorenzo. Wazazi hawakutozwa fedha. Walitakiwa kuleta watoto safi, kumheshimu mlinzi wao, na mama aje angalau mara moja kwa juma kuzungumza naye juu ya mtoto wake. Mzazi asiyetimiza hayo, mtoto wake aliondolewa. Malipo yake yalikuwa wakati na heshima, na mali hizo hata maskini anazo.

Maria Montessori alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952, baada ya kuona shule zake zikifungwa Italia chini ya utawala wa Mussolini. Kazi yake haikufa. Bwana Wetu alisema tusiwazuie watoto wadogo wamwendee. Kumwacha mtoto miaka 6 bila mwongozi, huko nako ni kumzuia. Tuanze leo, samaki angali mbichi.