Pampu ya Zimamoto Haikuishinda Ferrari

Msimu wa Formula One ukianza tu, swali lile lile hurudi: iliwezekanaje gari dogo la Kiingereza, Cooper, lenye injini ya pampu ya zimamoto, kuishinda Ferrari na kutwaa ubingwa wa dunia? Anayeuliza anangoja kusimuliwa muujiza. Ukimjibu kwamba hapakuwa na muujiza, hudhani unaficha utamu wa hadithi. Lakini swali lenyewe ni bovu, na ubovu wake ni wa pande mbili. Kwanza, injini iliyotwaa ubingwa wa 1959 na 1960 haikuwa ya pampu. Pili, hata kama ingekuwa ya pampu, si injini iliyoamua mambo. Suala la pampu nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu limeandikwa na kutangazwa mno hata watu wanaoyajua magari hulirudia bila kusita.

Ukweli uliopo ndani ya hadithi hii ni mdogo, nao ni huu. Coventry Climax ilikuwa kampuni ya mji wa Coventry iliyotengeneza foklifti na pampu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ilitaka pampu ya kubebeka iliyo nyepesi kuliko zilizokuwapo. Wahandisi Walter Hassan na Harry Mundy wakaunda injini ya aloi ya alumini iliyoitwa FW, yenye sentimita za ujazo 1,020. Watu wa mbio walipoiona, waliomba ya kwao. FW ikapanuliwa hadi sentimita 1,098, ikaitwa FWA, ikaingia katika magari madogo ya mbio, yakiwamo ya Cooper na Lotus. Ukoo wa pampu katika mbio ni huo. Injini ya ubingwa, FPF, imetoka kwenye ukoo mwingine kabisa: mzazi wake ni FPE, injini ya V yenye silinda nane na ujazo wa lita 2.5, ambayo Climax iliibuni kwa ajili ya kanuni mpya za Grand Prix za 1954. FPF ni kama nusu ya injini hiyo, iliyofanyiwa marekebisho. Tofauti yake na FW inaonekana kwa macho. FW ina kamshafti moja juu, inayozungushwa kwa mnyororo. FPF ina kamshafti mbili, zinazozungushwa kwa msururu wa gia. Ilitoka 1957 kwa ajili ya Formula Two ikiwa na sentimita 1,475, ikapanuliwa hadi karibu lita mbili, kisha 2.2, na mwaka 1959 ikafika sentimita 2,495. Tangu mchoro wa kwanza ilikusudiwa mbio.

Watetezi wa hadithi wana hoja tatu. Wanasema herufi FP ni kifupisho cha pampu ya moto kwa Kiingereza. Herufi hizo zinapatikana pia kwenye FPE, injini ya silinda nane isiyokuwa na kazi yoyote kwenye gari la zimamoto, kwa hiyo haziwezi kuwa ushahidi wa chochote. Wanasema FPE ilipewa jina Godiva, jina ambalo kampuni ililitumia pia kwenye pampu zake. Godiva ni bibi wa hadithi za kale za mji wa Coventry, na kampuni ya Coventry kulitumia jina lake mara mbili si jambo la kushangaza. Wanasema wahandisi walikuwa wale wale. Hilo ni kweli, na ni kweli pia kwamba mazoea ya kuunda vitu vyepesi yalitoka na wahandisi hao kwenye chumba cha pampu hadi chumba cha mbio. Lakini kutoka mkononi mwa fundi mmoja hakuzifanyi kazi mbili kuwa kazi moja. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hadithi ya pampu inaficha kisa cha kweli cha kampuni hiyo, chenye funzo kubwa kuliko pampu. FPE haikukimbia Grand Prix hata moja zama zake. Climax waliipima, wakasoma takwimu za nguvu ambazo washindani wa Italia na Ujerumani walikuwa wakizitangaza, wakaona wameachwa mbali, wakaiweka kando. Baadaye ikajulikana kwamba takwimu zile zilikuwa zimetiwa chumvi. Injini nzuri iliuawa na namba za karatasini, na bado leo watu wanataka kuipima historia yote ya magari haya kwa nguvu za farasi.

Tuzichukue basi hizo nguvu za farasi, tuone zinatufikisha wapi. Januari 1958, Buenos Aires, Stirling Moss aliendesha Cooper T43 ya timu binafsi ya Rob Walker. Injini yake ya FPF, chini kidogo ya lita mbili, ilitoa takriban nguvu za farasi 175. Ferrari Dino 246 zilizokuwa pale zilikuwa na takriban 270. Moss alishinda. Wapinzani waliamini kwamba lazima asimame kubadilisha tairi, na kwamba akisimama kazi imekwisha, kwa sababu magurudumu ya Cooper yalifungwa kwa nati nne nne kama gari la kawaida, wakati Ferrari ilikuwa na nati moja ya katikati inayofunguliwa kwa pigo la nyundo. Mafundi wa Moss walitoa tairi mpya wakazipanga mbele ya watu kana kwamba anakuja. Hakuja. Katika mizunguko ya mwisho tairi za nyuma zilikuwa kipara, nyuzi zake nyeupe zikionekana, na Moss akawa anayapitisha magurudumu kwenye michirizi ya oili iliyomwagika barabarani ili mpira usiendelee kulika. Luigi Musso wa Ferrari alimaliza sekunde 2.7 nyuma yake. Kwa mara ya kwanza gari lenye injini nyuma ya dereva lilishinda mbio za ubingwa wa dunia. Mtu atasema uwanja ulikuwa mwepesi, yalianza magari kumi tu, Vanwall na BRM hazikuwapo. Ni sawa. Mwezi Mei, Monaco, Vanwall na BRM zilikuwapo, Ferrari pia, na Maurice Trintignant akashinda kwa Cooper nyingine ya Walker.

Sababu ni mahali uzito ulipokaa, pamoja na uchache wa uzito wenyewe. Mtazame mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwa mzegamzega: akitaka kugeuka ghafla, ndoo humkatalia, na zikishaanza kuzunguka hukataa kusimama. Akizikumbatia ndoo hizo hizo kifuani, uzito ni ule ule lakini anageuka atakavyo. Gari lenye injini mbele na tangi la mafuta kwenye mkia ni mzegamzega. Cooper iliweka injini, dereva na mafuta mengi katikati ya magurudumu manne, na kila kona ikafaidika. Faida hiyo ikazaa nyingine. Injini ikiwa nyuma, hakuna propela ndefu inayopita chini ya dereva au kandokando yake, kwa hiyo dereva anakaa chini, gari linakuwa fupi na jembamba, hewa linayoipasua inapungua, fremu inapungua, mafuta yanayohitajika yanapungua, na tairi zinachoka polepole. Kanuni za 1958 nazo ziliisaidia Cooper: petroli ya ndege ikawa lazima badala ya michanganyiko ya pombe iliyokuwa inanywewa kwa wingi na injini kubwa, na urefu wa chini wa mbio ukapunguzwa. Gari lisilohitaji kusimama likapata thamani ambayo halikuwa nayo mwaka mmoja nyuma.

Hesabu hizi sizo zilizowaongoza Charles Cooper na mwanawe John walipoanza mwaka 1946 katika gereji yao ya Surbiton, kusini-magharibi mwa London. Waliunganisha sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, wakaweka injini ya JAP ya pikipiki yenye sentimita 500. Injini ya pikipiki huendesha gurudumu kwa mnyororo, na mnyororo unataka kuwa karibu na gurudumu unaloliendesha. Ndiyo maana injini ikakaa nyuma. Kutoka hapo gari lilikua kidogo kidogo, likauzwa kwa vijana waliotaka mbio za bei nafuu, Moss akiwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo.

Anayeng'ang'ania injini sasa anijibu jambo moja. FPF haikuwa mali ya Cooper peke yake. Climax iliiuza, na Lotus ya Colin Chapman iliinunua. Chapman aliifunga mbele ya dereva katika Lotus 16, gari jembamba na jepesi lililobuniwa kwa ustadi kuliko Cooper yoyote, na halikushinda mbio hata moja za ubingwa wa dunia. Mwaka 1960 alihamishia injini hiyo hiyo nyuma ya dereva katika Lotus 18, na mwaka huo huo Moss akashinda nayo Monaco. Najua Lotus 16 ilikuwa na maradhi mengine, ilivunjika mara kwa mara. Hata hivyo Cooper nayo ilitumia giaboksi iliyotokana na ya gari la kawaida la Citroën, na giaboksi ya Colotti iliyofungwa kwenye Cooper ya Moss ilimtupa nje ya mbio mara zaidi ya moja mwaka 1959. Magari yote mawili yalikuwa na udhaifu. Moja tu lilikuwa na injini mahali pake.

Pingamizi la maana zaidi ni Auto Union, magari ya Kijerumani yaliyoweka injini nyuma tangu 1934 bila kuifanya dunia iyafuate. Yale yalikuwa mazito, yenye silinda 16 na baadaye 12, dereva akisukumwa mbele kabisa, na ekseli za nyuma zilizoyafanya yateleze mkia bila onyo. Yanathibitisha kwamba kuhamisha injini peke yake hakutoshi. Udogo ndio uliokamilisha kazi. Kuhusu Vanwall, iliyochukua ubingwa wa watengenezaji wa 1958 ikiwa na injini mbele: ni kweli, kwa fedha za kiwanda kizima cha bearingi. Mwaka uliofuata Jack Brabham akawa bingwa kwa Cooper T51, na 1960 akashinda mbio tano mfululizo kwa T53. Gari la mwisho lenye injini mbele kushinda mbio za ubingwa zilizoendeshwa kwa kanuni za Formula One ni Ferrari ya Phil Hill, Monza, Septemba 1960, siku ambayo timu za Uingereza zilisusia uwanja. Mwaka 1961 Brabham alipeleka Cooper kwenye mbio za Indianapolis ikiwa na lita takriban 2.7 dhidi ya injini za lita 4.2, akamaliza wa tisa. Tangu 1965 hakuna mshindi wa mbio zile aliyekuwa na injini mbele yake.

Kwa wanaotaka kuhakiki kwa macho yao: magari haya bado yanakimbia Goodwood kila Septemba na katika mbio za magari ya kale Monaco. Tazama kichwa cha injini. Jalada moja, ni ukoo wa FW. Majalada mawili sambamba, ni FPF. Tazama fremu: Cooper ina mabomba yaliyopinda, Lotus yaliyonyooka. Tazama springi ya mapande iliyokingama nyuma ya T51, na gurudumu lililofungwa kwa nati kadhaa. Kwa mnunuzi, sahau injini kwanza, kwa kuwa ziling'olewa na kuhamishwa kutoka gari hadi gari. Dai nambari ya chesisi, ilinganishe na kumbukumbu za mbio za miaka ile, na usilipe kabla mkaguzi asiyelipwa na muuzaji hajaikagua fremu. Kwa mtangazaji na mwandishi wa michezo ombi langu ni fupi: ukitaja Cooper T51, sema injini yake ni Climax FPF iliyoundwa kwa mbio, na sema ilikaa wapi.