Mtoto wa SS na Pumzi ya Usiku

Ulaya, ugonjwa huitwa adimu ukimpata mtu asiyezidi mmoja kati ya 2,000, na selimundu imo katika orodha hiyo. Huku Ruashi, Lubumbashi, hakuna uadimu: taja "SS" tu, yaani selimundu, na kila mama anajua unasema nini. Maumivu ya mifupa na upungufu wa damu tunavifahamu. Kinachotupita ni namna mtoto wa SS anavyolala.

Himoglobini S, ile ya selimundu, haina shida ikiwa imebeba oksijeni. Ikiipoteza, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi, na chembe nyekundu ya damu inapinda na kukauka. Sasa mtazame mtoto mwenye tezi kubwa za kooni au nyama za pua, jambo la kawaida katika ugonjwa huu. Akilala misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba. Anakoroma, ananyamaza kwa sekunde kadhaa huku kifua kikihangaika, kisha anashtuka akivuta pumzi kwa nguvu. Kichwa amekitupa nyuma, shingo inalowa jasho hata katika baridi ya Julai. Watu husema amelala fofofo. Hapana! Anapigania hewa.

Mwaka 2001, Fenella Kirkham na wenzake wa London waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto wa selimundu wenye oksijeni ndogo usiku ndio waliopatwa zaidi na kiharusi na matatizo mengine ya ubongo. Muhimbili, Dar es Salaam, Sharon Cox, Julie Makani na wenzao nao wamepima oksijeni ya watoto hawa usingizini, kwa kibanio kidogo cha kidole kinachoachwa hadi asubuhi.

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kuliko ya Dar. Usiku wa baridi kuna watu wanaoingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani na kufunga dirisha. Moshi wake usioonekana, monoksidi ya kaboni, hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya himoglobini. Kwa mtoto wa SS ni hatari juu ya hatari. Mbabula ibaki nje, blanketi ziongezwe.

Mama, mrekodi kwa simu anavyokoroma, umwonyeshe daktari hata asipouliza. Tezi zikihitaji kukatwa, mkumbushe mapema kwamba mtoto ni SS: mara nyingi huongezewa damu kwanza, kabla ya dawa ya usingizi.