Kulifukuza Basi la Mbeya

Hivi karibuni nilikwenda Lufingo, wilayani Rungwe, kumjulia hali dada yangu. Siku ya kurudi mvua ikanichelewesha. Nilipofika barabara kuu pale Tukuyu nilikuwa ndani ya teksi, pamoja na mpwa wangu wa kidato cha pili aliyekuja kunisindikiza. Teksi imesimama pembeni, dereva anatafuta chenji, mara basi la Mbeya nililokata tiketi likatupita hivi hivi tunaliona.

"Tulia mzee," dereva akasema, "hilo nalikamata sasa hivi."

Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, hili ndilo swali lililonishinda kwenye mtihani."

Nikamwuliza lilisemaje. Akalitaja kwa Kiingereza, herufi zote za fomula akazipanga kwa ufasaha, lakini nilipomwuliza kwa Kiswahili cha kawaida, "Hivi, kukamatana maana yake nini?" akajibu kwamba ni pale mwendo wa teksi unapokuwa sawa na mwendo wa basi.

Hapo ndipo vijana wengi wanapojikwaa, na si vijana peke yao.

Tuchukue tarakimu. Basi linakwenda mwendo usiobadilika wa kilometa 54 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Teksi inaanza kutoka kusimama pale pale basi linapoipita, na kila sekunde inaongeza mwendo wake kwa mita 1.5 kwa sekunde. Ongezeko hili wataalamu wa Kiswahili wameliita mchapuko. Baada ya sekunde 10 teksi nayo inakwenda mita 15 kwa sekunde. Je, imelikamata basi? La hasha. Katika muda huo basi limekwenda mita 150, teksi mita 75 tu. Tena basi haliwi mbali na teksi kuliko wakati huo. Kabla ya hapo pengo lilikuwa likipanuka, na kuanzia hapo ndipo linaanza kupungua.

Kukamatana ni kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wenye umri wangu watamkumbuka Filbert Bayi kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, katika mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand akalipunguza mno pengo mwishoni. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, Walker 3:32.52. Mkimbizaji anaweza kupunguza pengo kila hatua na bado utepe ukakatwa na mwenzake.

Basi tuandike mahali, si mwendo. Basi limekwenda mita 15 mara idadi ya sekunde. Teksi imekwenda nusu ya 1.5, mara sekunde, mara sekunde tena. Ukizisawazisha hesabu hizo mbili unapata sekunde 20, na mita 300 kutoka pale tulipokuwa. Mpwa wangu aliipata hesabu hiyo mgongoni mwa daftari, kabla dereva hajawasha gari.

Nikamwambia sasa atafute mwendo wa teksi wakati huo. Ni 1.5 mara 20, yaani mita 30 kwa sekunde. Kilometa 108 kwa saa! Mara mbili kamili ya basi.

Dereva akadai hiyo ni kwa sababu gari lake lina nguvu. Tukampa gari bovu, lenye mchapuko nusu ya huo. Sasa ni sekunde 40 na mita 600, lakini mwendo wa kukamata ni ule ule, kilometa 108. Sababu yake haihitaji fomula. Anayeanza na sifuri akaongeza mwendo sawasawa, wastani wake ni nusu ya mwendo wake wa mwisho. Jambo hili wasomi wa Oxford walikwisha kulitambua katika karne ya 14, na Galileo akalitumia katika kitabu chake cha mwaka 1638. Kwa kuwa teksi na basi wameanza pamoja na kufika pamoja, wastani wa teksi lazima ulingane na mwendo wa basi. Kwa hiyo mwendo wake wa mwisho ni mara mbili, liwe gari la namna gani.

Na kama dereva angechelewa sekunde 10 akitafuta ile chenji, basi lingekuwa mita 150 mbele. Hesabu inatoa majibu mawili, moja likiwa chini ya sifuri; hilo litupe, maana ni wakati ambao teksi ilikuwa haijaondoka. Linalobaki ni sekunde 27.3, na mwendo wa karibu kilometa 148 kwa saa. Kwa barabara ile yenye kona, ukungu, lami iliyolowa na watoto wanaokwenda shule! Mwendo ukiwa mara mbili, gari linahitaji umbali mara nne kusimama kwa breki zile zile.

Ipo njia nyingine. Dereva aongeze mwendo mpaka kilometa 72 kwa saa, kisha asizidishe. Tulipiga hesabu hiyo pia: atalikamata basi baada ya sekunde 26.7, mita 400 kutoka pale. Tofauti na yule wa kilometa 108 haifiki sekunde 7.

Dereva alisikiliza, akatikisa kichwa, akaondoa gari taratibu, nadhani kwa kunionea haya. Basi tulilikuta Kiwira, limesimama, kondakta yuko juu ya keria anafunga mikungu ya ndizi.