Kupandisha Maji Kilimani kwa Hatua: Pampu Mbili, Matangi Mawili

Kisima kikiwa bondeni na boma likiwa juu ya kilima, ng'ombe hulipa gharama ya maji kwa miguu yake. Hushuka na kupanda kila siku, na nguvu ambayo ingekuwa maziwa huishia njiani. Kaya kadhaa zikichangia pampu za umeme, maji yanaweza kufuata mifugo badala ya mifugo kufuata maji.

Lakini pampu mbili zisizosikilizana huharibiana. Ya juu ikiendelea kuzunguka wakati tangi lake limekauka, huungua. Ikiungua katikati ya kiangazi, kundi zima linakosa maji siku hiyohiyo.

Kwanza hesabu maji

Tuchukulie kaya chache zina ng'ombe 200, mbuzi na kondoo 300, na watu 40. Kwa siku ya joto:

- Ng'ombe 200 × lita 30 = lita 6,000
- Mbuzi na kondoo 300 × lita 5 = lita 1,500
- Watu 40 × lita 20 = lita 800

Jumla ni lita 8,300. Pampu ya lita 2,000 kwa saa itayamaliza kwa muda wa saa nne na kidogo. Tangi la juu libebe maji ya siku tatu, yaani lita 25,000, ili pampu ikiharibika mpate nafasi ya kumtafuta fundi.

Kwa nini hatua mbili?

Kila mita 10 za kupanda huongeza karibu baa 1 ya msukumo ndani ya bomba. Kama maji ya kisima yako mita 40 chini ya ardhi, na boma liko mita 120 juu ya kisima, jumla ni mita 160, sawa na baa 16. Bomba la PN 16 linafika mwisho wa uwezo wake hata kabla ya kuhesabu msuguano wa maji. Bomba la PN 10 linaweza kupasuka.

Gawa safari. Weka tangi la kati mita 40 juu ya kisima, siyo katikati ya kilima. Hapo pampu ya kisimani inapandisha mita 80, na ya pili inapandisha mita 80 zilizobaki. Bomba la PN 10 linatosha, na pampu zinagawana mzigo sawasawa. Usitarajie kupunguza gharama ya umeme, kwani kupandisha maji kimo kilekile kunahitaji nguvu ileile. Unachopata ni bomba la bei nafuu na pampu ndogo ambazo ni rahisi kupata.

Kila pampu na masharti yake

Kazi ya kuwasha na kuzima hufanywa na swichi za boya. Boya huelea ndani ya tangi. Maji yakipanda au kushuka, swichi hugeuka.

1. *Pampu ya kisimani* iwake tangi la kati likishuka chini ya robo tatu, izime likijaa. Izime pia maji ya kisima yakishuka karibu na pampu.
2. *Pampu ya pili* iwake pale tu mambo mawili yanapotimia: tangi la juu linahitaji maji, *na* tangi la kati lina maji. Izime tangi la juu likijaa, au la kati likibaki robo. Isiwake tena mpaka la kati lifike nusu. Bila nafasi hiyo, itawaka na kuzima kila dakika na mota itakufa mapema.

Pampu ya pili itoe maji kidogo kuliko ya kwanza, kwa mfano lita 2,000 kwa saa dhidi ya 2,200. Ikiwa na nguvu zaidi, itakausha tangi la kati mara kwa mara. Iweke chini ya usawa wa tangi hilo ili maji yaiingie yenyewe.

Zisiwake pamoja

Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Umeme ukirudi baada ya kukatika na pampu zote zikianza pamoja, genereta inaweza kuzima. Mwambie fundi aweke kichelewesho: ya kisimani ianze baada ya sekunde 10, ya pili baada ya dakika moja.

Mwambie fundi pia

- Waya wa boya ukikatika, pampu izime. Isibaki ikimwaga maji kilimani usiku kucha.
- Waya wa boya la juu uwe wa umeme mdogo, volti 24, na uzikwe pamoja na bomba. Mifugo hukanyaga na panya hutafuna.
- Kila pampu iwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikizima, maji ya bomba lote hushuka kwa kishindo.
- Kwenye tangi la juu, bomba la birika litoke juu kidogo na la nyumbani litoke chini. Kundi likimaliza sehemu yake, watu na ndama wanabaki na akiba.

Kagua kila wiki

Chagueni mtu mmoja wa zamu. Awaulize mafundi wamwonyeshe jinsi ya kujaribu boya kwa mkono: akilishusha boya la tangi la kati, pampu ya pili lazima izime. Isipozima, azime umeme na kuita fundi kabla ya mota kuungua.

Kumbuka: Kwa Tanzania, kisima kipya kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kabla ya kununua chochote, pima kimo cha kilima na maji ya kisima, kisha mwone afisa mifugo wa kata na mhandisi wa RUWASA wilayani.